Programu huria ni ya wote, sasa mbona PR yangu imekataliwa?

Kuna lalamiko moja nimelisikia mara nyingi mpaka nimelikariri. Mtu kaambiwa aingie kwenye programu huria ili ajifunze, ajenge CV, ajulikane, basi akatafuta kaprojekti kadogo, akakaa wikiendi nzima anaandika kodi (ninayosema ni yale maandishi ya programu, mwenye nyumba hahusiki hapa), akaituma kama PR, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yako kwenye mradi wa mtu, alafu kimya. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu anapata mistari miwili: asante kwa muda wako, ila hatutaiingiza. Hapo ndo linakuja swali, na ni swali zuri tu: si mlisema hii kitu ni ya wote? Kama ni ya wote, huyu anayenikatalia ni nani?

Tuanze na neno lenyewe maana fujo nyingi imeanzia hapo. Programu huria ni programu ambayo kodi yake iko wazi na leseni yake inakuruhusu mambo manne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma ujue inafanyaje kazi, kuibadilisha, na kuwagawia wengine, iwe ilivyokuwa au ulivyoibadilisha wewe. Fikra hizi zilipata nguvu 1983 pale Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, na jina la "open source" (chanzo wazi) lenyewe likaja baadaye, 1998. Kuna watu mpaka leo wanagombana ipi ni ipi kati ya uhuru na uwazi, tuwaache wagombane.

Kitu kimoja kabla hatujaendelea: kodi kuonekana mtandaoni hakuifanyi iwe huria. Ukikuta mtu kaweka kodi yake hadharani na hakuna leseni yoyote, kisheria bado ni mali yake, unaiangalia tu kama unavyoangalia gari la jirani. Ndo maana cha kwanza kutafuta ni faili linaloitwa LICENSE. Humo utakuta MIT, au Apache, au GPL, na kila moja ina masharti yake. MIT ni fupi kabisa, inasema fanya unachotaka ila jina langu na leseni hii viendelee kubaki, na programu ikiharibu kitu usinishtaki. GPL inaongeza kwamba ukiibadilisha na kuigawa kwa watu, basi na wewe wape kodi yako kwa masharti yaleyale. Na kwenye miradi mingi midogo mchango wako ukishaingia unafuata leseni iliyopo tayari, kwa hiyo isome kabla, si baada.

Sasa rudi kwenye zile ruhusa nne. Zihesabu tena. Hakuna hata moja inayosema "na utaingiza mabadiliko yako kwenye nakala ya mwenzio".

Chukulia kuna mwanafunzi ana daftari la noti nzuri za hesabu na amewaambia wenzake jamani pigeni fotokopi. Umepiga yako. Kwenye fotokopi yako unaweza kufuta, kuchora, kuongeza kurasa, hata kuuchana ukurasa wa tano, hakuna wa kukuuliza. Ila siku umeona swali la tatu jibu limekosewa na unataka daftari lenyewe lirekebishwe, ili watakaopiga fotokopi kesho wapate jibu sahihi, inabidi umfuate mwenye daftari umwambie hapa pamekosewa, nadhani iwe hivi. Yeye ataangalia. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, au akakwambia sawa ila andika kwa peni nyeusi kama kurasa zingine.

Hapo tayari umeshajua karibu msamiati wote. Daftari ndo repo, yaani ghala la kodi pamoja na historia yake yote. Fotokopi yako ndo forki, na kitendo chenyewe watu wanasema kuforki (usichanganye na kufoka, ingawa nimeona watu wanafanya vyote viwili siku moja). Kumfuata mwenye daftari na marekebisho mkononi ndo PR, kirefu chake puli rikwesti, yaani ombi la "vuta haya mabadiliko yangu uyaweke kwako". Kumwambia tu kwamba kuna kosa bila kuleta marekebisho, hiyo ni ishu, na kwa bahati nzuri neno hili tulikuwa nalo mtaani tayari. Mwenye daftari ni mtunzaji wa mradi. Na chombo kinachokumbuka nani kabadilisha mstari upi, lini na kwa nini, kinaitwa Git, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika 2005 baada ya watu wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure programu waliyokuwa wanaitegemea kwa kazi hiyo. GitHub ni kitu kingine, hiyo ni tovuti iliyokuja 2008 ya kuhifadhia hizo repo na kujadiliana juu yake, na ziko zingine kama GitLab na Codeberg. Kuchanganya Git na GitHub ni sawa na kuchanganya barua na posta.

Kwa hiyo jibu la lile swali ni kwamba kodi ni ya wote, ila nakala ile kuu ina mtu anayeichunga. Na kwenye mradi mdogo huyo mtu mara nyingi ni mmoja, halipwi, na anaichunga usiku akishamaliza kazi inayomlipa.

Hapo ndo penye utamu wa mada na ndo watu wengi hawapaoni. Tunafikiri upungufu wa miradi midogo ni kodi, kwamba wanakosa watu wa kuandika. Wakati mwingine ndiyo, ila mara nyingi wanachokosa ni muda wa yule mtu wa kusoma, kupima na kujibu. Ukimletea mtu mbuzi wa zawadi umemletea nyama na maziwa sawa, ila umemletea pia kazi ya kukata majani kila siku, kujenga banda, na kuamka usiku akilia. Kila mstari unaoingia kwenye mradi ni huyo mbuzi. Wewe utaondoka, utapata kazi, utahamia lugha nyingine ya programu, na miaka miwili baadaye mtu atafungua ishu kwamba kile kipengele chako kinagoma kwenye toleo jipya la mfumo wake, na atakayeamka ni mtunzaji. Ndo maana mtu anaweza kukataa kodi nzuri kabisa. Yaani kodi haina tatizo, ila hana pa kumfungia mbuzi.

Na usidhani mradi mdogo maana yake hauna uzito. Machi 2016 kulikuwa na kifurushi cha lugha ya JavaScript, yaani kipande cha kodi ambacho programu zingine zinakitumia, kinaitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi basi. Mwenyewe aligombana na watu wa npm, ghala la vifurushi hivyo, kuhusu jina la kifurushi chake kingine, akaamua kuondoa vitu vyake vyote zaidi ya 250, na left-pad ikaondoka navyo. Mara miradi mikubwa ikaanza kugoma kujengeka duniani kote, maana ilitegemea kitu kinachotegemea kitu kinachotegemea ile mistari 11. Npm ikabidi wairudishe.

Kuna upande mwingine pia unaoeleza kwa nini mtunzaji anasoma PR yako kama askari anayekagua mzigo. Mwisho wa 2011 OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi sana, ilipokea mchango ulioletwa kwa nia njema kabisa, ukapitiwa, ukaingizwa. Ndani yake kulikuwa na sehemu moja ambayo programu haikuhakiki urefu wa data iliyoombwa. Aprili 2014 dunia ikaijua kwa jina la Heartbleed, na watu wakaanza kubadilisha nywila kwa mamilioni. Hiyo ni bahati mbaya. Ya XZ ilikuwa makusudi. XZ ni programu ya kubana mafaili, ilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja aliyekuwa amechoka, na kuanzia 2021 akajitokeza mtu anayejiita Jia Tan anasaidia, mpole, mchapakazi, huku akaunti zingine zinamsukuma mtunzaji kwamba mbona unachelewa, mpe mwenzio nafasi. Akapewa. Mapema 2024 akaingiza mlango wa siri. Uligunduliwa mwisho wa Machi na mhandisi Andres Freund, ambaye aliona tu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida akaamua kuchimba. Nusu sekunde! Sasa mtunzaji wa mradi mdogo aliyesoma habari hiyo, alafu wewe mgeni usiye na historia unamletea mistari 900 unataka iingie leo, unategemea akujibuje?

Haya, mtu anachangiaje basi.

Neno mchango kwetu limezoea pesa, na pesa nayo ipo kweli, miradi mingine ina kitufe cha kuwatumia watunzaji chochote, ila hilo si sharti. Wazo la pili ni kwamba lazima uwe mtaalamu wa kodi. Hapa kuna methali inafaa kuliko maelezo yangu, mgeni njoo mwenyeji apone. Mtunzaji ameiweka ile programu kwenye mashine yake mara mia, hasomi tena maelekezo yake mwenyewe, vidole vinajua. Wewe unafuata README, lile faili la maelekezo ya mradi, hatua kwa hatua na hatua ya nne inagoma kwa sababu kuna kitu kinatakiwa kiwe kimewekwa kabla na hakijaandikwa popote. Hilo yeye hawezi kuliona tena hata akitaka, ni wewe tu unaweza, na unaweza kwa siku chache kabla na wewe hujazoea. Kwa hiyo siku ya kwanza andika kila mahali ulipokwama. Hiyo orodha ni mali. Kuna na kutafsiri maneno yanayoonekana kwenye programu, kuna kujibu wanaouliza maswali ambayo jibu lake unalijua, kuna kupita kwenye ishu za zamani na kujaribu kama tatizo bado lipo, ambayo ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeitaka, lakini ukimwambia mtunzaji "nimejaribu hizi sita kwenye toleo jipya, nne zimeshapona" umempa jioni nzima ya bure.

Ishu nzuri yenyewe ni mchango, na watu wanaidharau. "Haifanyi kazi, saidieni" si ishu, ni kilio. Fundi ukimpelekea redio ukamwambia imeharibika tu atakuuliza imeharibikaje, ilianza lini, ulikuwa umefanya nini. Sema unatumia toleo gani, mfumo gani, ulibonyeza au kuandika nini mpaka ikatokea, ulitegemea nini na umepata nini, na ujumbe wa hitilafu uuweke kama maandishi, si picha ya skrini, ili mwingine akiutafuta aukute. La muhimu kupita yote ni zile hatua za kuifanya hitilafu itokee tena. Hitilafu inayojirudia ikiitwa ni nusu imeshatibiwa, ile inayotokea mara moja ikapotea inaweza kukaa miaka.

Ukija kwenye kodi yenyewe, nikwambie PR yangu ya kwanza ilivyokuwa maana inaokoa maelezo mengi. Nilipata kaprogramu ninakokatumia kila siku, nikaona hitilafu ndogo, marekebisho yake mistari mitatu. Ila nikiwa humo ndani nikaona mbona mpangilio wa kodi haunipendezi, hapa kaacha nafasi mbili mimi nimezoea nne, nikaiambia edita yangu, ile programu ya kuandikia kodi, ipange upya kila kitu, nikabadilisha na majina ya vitu viwili vitatu yaliyonikera, nikaongeza na kipengele nilichoona kitawafaa watu. Mafaili arobaini. Nikaandika juu "maboresho mbalimbali" nikatuma, nikasubiri kupongezwa.

Sasa ujue PR inaonekanaje upande wa pili. Mtunzaji anaoneshwa tofauti tu, mistari iliyotolewa kwa rangi nyekundu na iliyoongezwa kwa kijani. Ile mistari yangu mitatu ya maana ilikuwa imezama katikati ya mamia ya mistari nyekundu na kijani ambayo tofauti yake ni nafasi tupu. Hakuna binadamu wa kuisoma. Alinijibu kistaarabu sana, kuliko nilivyostahili, akasema ukiitoa ile ya mistari mitatu peke yake nitaiangalia leo. Nikanuna siku mbili, alafu nikaitoa, akaiingiza jioni ileile.

Jambo moja, PR moja. Fuata mtindo wa nyumba uliyoikuta hata kama huupendi. Soma faili la CONTRIBUTING kama lipo, maana mara nyingi kila kitu utakachokosea kimeshaandikwa mle. Fanya mabadiliko yako kwenye tawi lake, yaani mkondo wa pembeni ndani ya repo, usiyafanye kwenye lile tawi kuu la forki yako, utakuja kujishukuru ukitaka kutuma PR ya pili. Endesha majaribio yaliyopo, yaani kodi za kupima kama programu bado inafanya kazi, kwenye mashine yako kabla ya kutuma, na ukiweza ongeza jaribio moja linaloonesha ile hitilafu ilikuwepo na sasa haipo, hilo linamfanya mtunzaji akuamini kuliko aya tano za maelezo. Kwenye maelezo sema KWA NINI, maana nini umebadilisha anakiona mwenyewe kwa rangi. Na kama unachotaka kuleta ni kipengele kipya, uliza kwanza. Fungua ishu, sema nataka kufanya hivi, mnaonaje? Dakika kumi za kuuliza zinaokoa ile wikiendi ya yule ndugu wa mwanzo.

Kuna imani nyingine inabidi niiseme hata kama itawaudhi wengine, kwamba wingi wa PR ni sifa. Oktoba 2020 kulikuwa na Hacktoberfest, tukio la kila mwaka linaloendeshwa na DigitalOcean ambapo wakati huo ukituma PR kadhaa ulikuwa unapata fulana. Watu wakagundua njia ya mkato, wakaanza kufungua PR za kuongeza neno moja la sifa kwenye README za watu wasiowajua, maelfu kwa maelfu, watunzaji wakashinda wanafuta takataka mpaka waandaaji wakabadilisha sheria mwezi ukiwa ndo umeanza, ikawa mradi unahesabiwa kama wenyewe umekubali kushiriki tu. Siku hizi fulana imebadilika ikawa AI. Mtu anaiambia mashine nitafutie hitilafu kwenye mradi huu, mashine inamtungia hitilafu yenye maelezo marefu ya kitaalamu na haipo kabisa, naye anaituma bila kuijaribu. Daniel Stenberg, anayetunza curl tangu miaka ya 90, programu ya kuhamisha data mtandaoni iliyomo kwenye mabilioni ya vifaa, amelalamika hadharani kuhusu ripoti za namna hiyo za usalama zinavyowala muda. Mimi sina ugomvi na AI, inanisaidia kuelewa kodi ya watu kila wiki. Ila kama huwezi kueleza mstari uliotuma ukiulizwa, huo mstari si wako bado, usimpe mtu mwingine autunze.

Na kimya je? Kimya si hapana. Mtu anaweza kuwa safarini, anauguliwa, ana mtoto mchanga, au amechoka tu na kompyuta. Subiri wiki mbili tatu, ukumbushe mara moja kwa upole, basi. Angalia pia kabla ya kuanza, PR ya mwisho kuingizwa ilikuwa lini? Kama ni miaka mitatu iliyopita, huenda mwenyewe alishahama na wewe unagonga mlango wa nyumba tupu. Ukipewa marekebisho usiyachukulie kama kushushwa, hata wenye miaka ishirini kwenye hii kazi wanarudishiwa kodi yao na komenti kumi. Na ukikataliwa moja kwa moja na bado unaamini uko sahihi, ile haki yako ya fotokopi haijaenda popote, tumia forki yako. Wakati mwingine forki inakua inampita mzazi, LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ilitoka kwenye OpenOffice.org hivyohivyo 2010. Mara nyingi lakini utagundua baada ya miezi mitano kwamba kuifuatisha forki na mabadiliko ya mradi mkuu ni kazi, na hapo utamwelewa yule mtu vizuri sana.

Ile mistari yangu mitatu bado imo mpaka leo. Mwezi uliopita mtu kafungua ishu, anasema inagoma jina la faili likiwa na herufi fulani ambazo mimi sikuziwazia kabisa wakati ule. Mtunzaji hajagusa kitu, kaniita tu kwa jina langu chini ya komenti. Nimeomba zile hatua za kuirudia, nasubiri ajibu.